Mlango Usiofungika: Uchambuzi wa Kisa cha Spektr, Juni 1997

Tarehe 25 Juni 1997 chombo cha mizigo Progress M-34, chenye tani 7 hivi na kilichokuwa kimejazwa taka, kiliigonga Spektr, mojawapo ya moduli (yaani vyumba vilivyounganishwa) za kituo cha anga cha Urusi, Mir. Kilivunja paneli ya sola, kikabonyeza rejeta ya kupozea, na ukuta wa Spektr ukaanza kuvuja hewa. Watu watatu waliokuwemo, nahodha Vasily Tsibliyev, mhandisi Aleksandr Lazutkin na Mmarekani Michael Foale, walitoka wazima. Kituo nacho kiliendelea kukaliwa.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na karibu kila mara husimuliwa kama kisa cha urubani: nani alishika usukani, nani aliamuru jaribio, breki zilikanyagwa lini. Maswali hayo yana haki yake. Lakini kwa mtu anayesanifu nyumba ya kuishi angani, mgongano wenyewe ni sehemu fupi na yenye mafunzo machache. Kilichokaribia kugharimu maisha kilikuwa kimekaa pale kwa muda mrefu, wanaanga wakipishana nacho kila siku wakielea: nyaya kama 18, pamoja na bomba la kupitishia hewa, vyote vikiwa vimepita katikati ya mlango wa Spektr. Watu husema ajali haina kinga. Hii ilikuwa nayo kinga, yaani mlango wenye uwezo wa kutenga chumba kimoja na vingine, ila mlango huo haukuweza kufungwa.

Kituo kilivyojengeka

Sehemu ya kwanza ya Mir ilirushwa tarehe 20 Februari 1986. Mbele yake ilikuwa na nodi ya mviringo yenye sehemu tano za kuunganishia, na kwa miaka kumi iliyofuata moduli ziliongezwa moja baada ya nyingine: Kvant-1 mwaka 1987 upande wa nyuma, Kvant-2 mwaka 1989, Kristall mwaka 1990, Spektr mwaka 1995, Priroda mwaka 1996. Nodi ikawa njia panda. Kutoka chumba kimoja kwenda kingine ilibidi upite hapo, na kila tawi lilikuwa na tundu la kupita lenye kipenyo cha sentimita 80 hivi.

Kwenye michoro, mpangilio huo ni mzuri sana. Kila moduli ni chungu chake chenye kuta zake, na kati ya chungu na chungu kuna mlango. Kimoja kikitoboka, unakifunga, unaishi kwenye vinavyobaki. Meli za baharini zimejengwa kwa wazo hilo kwa zaidi ya karne moja.

Tatizo ni kwamba Mir haikujengwa siku moja wala kwa mpango mmoja usiobadilika. Moduli zilichelewa, paneli za sola za sehemu ya kwanza zilizeeka, mahitaji ya umeme yakapanda. Spektr ilipofika ilikuja na paneli nne za sola, na ghafla moduli iliyokusudiwa kwa utafiti ikawa mojawapo ya vyanzo vikubwa vya umeme wa kituo kizima. Umeme huo ulihitaji njia ya kufika kwenye vyumba vingine, na njia iliyokuwepo ilikuwa ile ile ya watu. Hewa nayo ilihitaji kusukumwa, kwa sababu pasipo uzito hewa ya moto haipandi na ya baridi haishuki. Bila feni na bomba, hewa aliyoitoa mtu hubaki imemzunguka usoni. Basi bomba nalo likapita mlangoni. Ni ile tabia ya kupitisha waya wa ekstensheni kizingitini kwa siku mbili tatu, na mwaka unapita mlango ukiwa umeegeshwa tu.

Sidhani kuna mtu aliyeketi akaamua kwamba mlango wa Spektr usifungike. Hapo ndipo ugumu wa visa vya aina hii ulipo: ukitafuta sahihi ya aliyepitisha uamuzi huo, huipati.

Mgongano, kwa ufupi

Vyombo vya Progress vilizoea kujiunganisha vyenyewe na Mir kwa mfumo wa rada ulioitwa Kurs. Mfumo huo ulitengenezwa Ukraine, na baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika ukawa kitu cha kununuliwa nje kwa bei iliyopanda. Warusi wakataka kuona kama wanaanga wangeweza kukiongoza chombo kwa mkono kutoka mbali, kwa mfumo wa TORU: kamera iko kwenye Progress, picha inaonekana kwenye skrini ndani ya Mir, na nahodha anatumia vijiti viwili vya kuongozea kana kwamba amekaa ndani ya chombo hicho.

Jaribio la kwanza, Machi 1997, lilienda kombo. Picha haikutokea, na Progress M-33 ikakipita kituo kwa umbali wa kama mita 200. Miezi mitatu baadaye likarudiwa kwa Progress M-34. Safari hii picha ilikuwepo, ila Mir ilionekana juu ya mandhari ya mawingu ya Dunia, na rada ya kupima umbali ilikuwa imezimwa kwa kushukiwa kwamba ndiyo iliyoharibu picha mara ya kwanza. Tsibliyev akabaki na kazi ya kukisia mwendo kwa kutazama kitu kinavyokua kwenye skrini.

Kazi hiyo jicho la binadamu haliiwezi vizuri, na sababu yake ni ya kijiometri. Kitu kikikukaribia kwa mwendo usiobadilika wa mita 3 kwa sekunde, picha yake kati ya mita 1,000 na mita 900 haikui hata kwa sehemu moja ya nane. Kati ya mita 200 na mita 100 inakuwa maradufu, kwa muda ule ule wa nusu dakika. Kwa dakika nyingi unaona kama hakuna kinachotokea, halafu yanatokea yote kwa pamoja. Progress ilifika ikiwa na mwendo wa mita 3 kwa sekunde hivi. Breki zilikuwa zimeshikwa, lakini kwa kuchelewa.

Lawama za mwanzo zilimwangukia nahodha. Binafsi naona zilikuwa nyepesi mno: mtu aliyenyimwa kipimo cha umbali na kipimo cha mwendo hawezi kulaumiwa kwa kutojua umbali na mwendo.

Kwenye nodi

Lazutkin alikuwa dirishani akikitafuta chombo kwa macho, na alikiona kikiivamia Spektr. Foale alikuwa ameshaambiwa akimbilie Soyuz, chombo cha kurudia nyumbani, na alipokuwa njiani akausikia mtikisiko, kisha akahisi masikio yakiziba na kuzibuka. King'ora cha kushuka kwa kanieneo ya hewa kikalia.

Taratibu zilisema nini? Kwa kifupi, kama kituo kinavuja na huwezi kuzuia, tayarisha Soyuz uondoke. Foale alianza kufanya hivyo. Lazutkin alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa Spektr na kuanza kuchomoa nyaya. Foale hakuelewa mara moja. Yeye hakuwa ameuona mgongano, na kwa mtazamo wake tundu lingeweza kuwa popote. Kufunga chumba kisichovuja ni kupoteza dakika, na dakika ndizo zilizokuwa haba. Lakini Lazutkin alikuwa na taarifa mbili ambazo hakuna kipimo chochote kituoni kingeweza kumpa: aliona kwa macho yake wapi chombo kiligonga, na alisikia mlio wa hewa ikitoka ndani ya Spektr.

Hapa nadhani inafaa kusimama kidogo. Kituo kilijua kuwa hewa inapungua. Hakikujua inapungua wapi. Milango ikiwa wazi, kanieneo ni ile ile kila chumba, na kipimo kilichopo kwenye chumba kinachovuja kinasoma sawa na kilichopo mbali nacho. Kama Lazutkin asingekuwa dirishani wakati ule, njia ya kawaida ya kutafuta tundu ingekuwa kufunga milango mmoja mmoja na kuona upande gani unaendelea kushuka. Yaani njia ambayo nyaya zile ziliiziba.

Nyaya nyingi zilikuwa na plagi za kuchomoa kwa mkono, na zikachomolewa haraka. Chache zilibaki bila kiungo karibu. Lazutkin akaenda kutafuta kisu, akarudi, akakata. Waya mmoja ulitoa cheche, kwa kuwa ulikuwa na umeme wa paneli zilizokuwa bado zinapigwa na jua. Bomba la hewa likatolewa.

Njia ikawa wazi, na mlango bado ukakataa. Mlango wa Spektr ulikuwa upande wa ndani wa Spektr, kwa hiyo waliotaka kuufunga wakiwa kwenye nodi walilazimika kuuvuta kuelekea kwao, hewa ikiusukuma kwenda upande wa pili. Waliuvuta, haukutulia. Wakauacha, wakachukua mmoja wa mifuniko myepesi iliyokuwa imehifadhiwa kwenye nodi, wakauweka kwenye tundu kutoka upande wao. Hewa iliyowazuia sekunde chache nyuma ikaunyonya mfuniko, ukakaa mahali pake na kuziba. Kanieneo ya kituo ilikuwa imeshuka kwa karibu sehemu moja ya kumi.

Hesabu mbili

Kwa nini mlango ule haukuvutika na mfuniko ukajikalia wenyewe? Hesabu yake ni fupi, na inafaa kila anayechora mlango wa chumba cha angani aifanye kwa mkono walau mara moja.

Tuchukulie tundu lote lina eneo la sentimita 3 za mraba. Hewa inayotoka chumbani kwenda kwenye ombwe, yaani nje kusiko na hewa, hupita tunduni kwa kiasi cha karibu mita 200 kwa sekunde ukiipima kwa ujazo wa hewa iliyoko chumbani, hivyo kila sekunde zinapotea kama lita 60. Mlango wa sentimita 80 una eneo la nusu mita ya mraba. Ukiwa wazi, lita 60 kwa sekunde zinapita hapo kama upepo mdogo usiotikisa hata nywele. Mtu anaweza kuuvuta bila shida, na akajiambia kazi imekwisha.

Shida ni milimita ya mwisho. Pengo linapobaki milimita 1 kuzunguka ukingo mzima, hewa ile ile inapita kwenye nafasi ya sentimita 25 za mraba tu, kwa mwendo wa zaidi ya mita 20 kwa sekunde, na msukumo kwenye mlango unafika kilo 18 hivi. Pengo likipungua zaidi, msukumo unapanda kwa kasi. Tofauti ya kanieneo ya milimita 10 tu za zebaki (hewa ya kawaida ina 760) kati ya pande mbili inatosha kuusukuma mlango ule kwa karibu kilo 70. Sasa mvutaji anaelea. Hana sakafu ya kukanyagia. Akivuta mlango, mlango unamvuta yeye.

Upande wa nodi mambo ni kinyume. Kadiri mfuniko unavyokaribia ukingo ndivyo hewa inavyoubana zaidi, na Spektr ilipokwisha kuwa tupu mfuniko ule mwembamba ulikuwa unashikiliwa na nguvu inayolingana na tani 5 hivi. Hauhitaji komeo.

Hesabu ya pili inahusu muda. Kituo chenye hewa ya mita za ujazo 350, ambao ni ukubwa wa kukadiria wa Mir, kikiwa na tundu la sentimita 1 ya mraba, kinachukua nusu saa hivi kupoteza moja ya kumi ya kanieneo yake. Tundu likiwa sentimita 3, ni dakika 10. Chumba kimoja cha mita za ujazo 60, kama Spektr, kikiwa peke yake na tundu la sentimita 3, kinapoteza kiasi hicho kwa chini ya dakika 2, na kwa saa moja hakina kitu.

Kwa hiyo milango iliyokuwa wazi iliwasaidia na kuwahatarisha kwa wakati mmoja. Iliwasaidia kwa sababu hewa ya kituo kizima ililisha tundu moja, na kwa hiyo kushuka kukawa kwa polepole. Iliwahatarisha kwa sababu hewa ya kituo kizima ndiyo iliyokuwa inatoka. Ukubwa wa kituo ni mkopo wa dakika. Faida yake inategemea kitu kimoja tu, kwamba kabla mkopo haujaisha kuna mlango utakaofungwa. Wao waliutumia mkopo huo kukata nyaya.

Gharama ya kufunga

Mlango ulipofungwa, umeme ukakatika. Paneli za Spektr zilikuwa zinatoa karibu nusu ya umeme wa kituo, na sasa nyaya zake zilikuwa zinaelea zikiwa na ncha zilizokatwa. Pigo la chombo lilikuwa pia limekitia kituo mzunguko. Paneli za moduli nyingine hazikulitazama jua tena, betri zikaisha, jairoskopu zinazokielekeza kituo zikasimama, feni zikanyamaza. Kituo kikaingia gizani.

Ili kuzigeuza paneli zirudi kwenye jua ilibidi watumie injini ndogo za Soyuz, na ili kuwaambia walio ardhini kituo kinazunguka kwa kasi gani Foale alikwenda dirishani, akanyoosha mkono, akapima nyota zinavyopita kidole gumba. Kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, kidole hufunika kama nyuzi mbili za anga. Mwanafizikia mwenye shahada ya uzamivu alipima kwa kidole kwa sababu vyombo vyote vya kupimia vilihitaji umeme.

Naiona hii kama kiini cha kisa kuliko hata mlango wenyewe. Usanifu ulikuwa umeunganisha vitu viwili visivyopaswa kukutana: uwezo wa kutenga chumba, na uhai wa mfumo wa umeme. Aliyetaka kuokoa hewa ilimbidi aue umeme. Siku ile hapakuwa na mjadala kwa sababu mlio wa hewa ulisikika. Lakini fikiria uvujaji mdogo, usiosikika, wenye shaka. Nani angekata nyaya za nusu ya umeme wa kituo kwa kukisia tu? Wangengoja. Mlango wenye gharama kubwa ya kufungwa hufungwa kwa kuchelewa, na hilo halihusiani na ujasiri wa mtu.

Dawa iliyotengenezwa ardhini inathibitisha hivyo. Mwanzoni mwa Julai, Progress M-35 ilileta mfuniko mpya uliokuwa na viunganishi vya umeme vilivyopachikwa ndani yake, huku vikiwa vimezibwa visipitishe hewa: upande wa Spektr unachomeka nyaya za paneli, upande wa nodi unachomeka nyaya za kituo, na kati yao ni chuma kisichopenya hewa. Mlango na umeme vikatenganishwa. Kitaalamu ni kifaa rahisi, na hakuna kilichozuia kisitengenezwe mapema isipokuwa kwamba hakuna aliyeona haja.

Kukifunga hakukuwa rahisi hata kidogo. Katikati ya Julai Tsibliyev aligundulika kuwa na mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida. Kisha, tarehe 17 Julai, wakati wa maandalizi ya kazi hiyo, kebo muhimu ya kompyuta ya kuelekeza kituo ilichomolewa kimakosa na kituo kikapoteza mwelekeo tena. (Kebo tena. Mtu angetunga hadithi hii angeambiwa amezidisha.) Kazi ikaachiwa kikosi kilichofuata. Tarehe 22 Agosti Anatoly Solovyov na Pavel Vinogradov walivaa suti za angani ndani ya kituo, wakaondoa hewa kwenye nodi, wakaufungua mfuniko, Vinogradov akaingia Spektr. Glavu yake ilivuja mwanzoni, ikabidi ibadilishwe. Ndani, gizani, alizitafuta nyaya na kuzichomeka kwenye mfuniko mpya, 11 kwa idadi. Foale alisubiri kwenye Soyuz, kwa kuwa angebaki kwingine, nodi isiyo na hewa ingemtenga na chombo hicho cha kurudia nyumbani.

Sehemu kubwa ya umeme ikarudi. Tundu lenyewe halikuwahi kuonekana. Solovyov na Foale walitoka nje Septemba kuikagua Spektr na hawakulipata. Spektr haikujazwa hewa tena hadi Mir ilipoangushwa baharini tarehe 23 Machi 2001, na vitu vingi vilivyokuwa humo, pamoja na vifaa vya utafiti, vilibaki humo.

Yaliyofuata kwenye Kituo cha Kimataifa

Ni rahisi kusema kwamba wahandisi walijifunza Spektr kisha wakajenga Kituo cha Anga cha Kimataifa vizuri zaidi. Tarehe zinakataa. Moduli za kwanza za kituo hicho zilirushwa Novemba na Desemba 1998, na miundo ya milango yake ilikuwa imeshakamilika kabla Progress M-34 haijagonga. Katika upande wa Marekani, kati ya moduli mbili kuna nafasi fupi, kila moduli ina mlango wake, na nyaya za umeme na data hupita kwenye viunganishi vilivyopachikwa ukutani kuuzunguka mlango, siyo ndani yake. Unaweza kufunga mlango taa zikiendelea kuwaka upande wa pili. Wazo la mfuniko wa Agosti 1997 lilikuwa limeshawekwa ukutani.

Spektr ilichangia zaidi upande wa mazoea. Bado kuna mabomba ya hewa yanayopita milangoni, hasa upande wa Urusi na kwenye vyombo vilivyounganishwa kwa muda, lakini yana viungo vya kuachia haraka, na wanaanga hufanya mazoezi ya kufunga milango kwa uvujaji kama wanavyofanya ya moto.

Mazoezi hayo yametumika kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Agosti 2018 kanieneo ilianza kushuka polepole. Milango ilifungwa sehemu kwa sehemu hadi ikajulikana kuwa tundu liko kwenye Soyuz MS-09 iliyokuwa imeunganishwa, tundu la milimita 2, likazibwa kwa gundi ya epoksi. Mwaka 2020 uvujaji mwingine, mdogo zaidi, ulitafutwa kwa namna hiyo hiyo: watu walijifungia upande wa moduli ya Zvezda kwa siku kadhaa, milango mingine yote ikafungwa, vipimo vikasomwa. Ilipoonekana kwamba tatizo liko Zvezda penyewe, Oktoba wakaachia majani ya chai yaelee kwenye chumba chake cha nyuma na kutazama yanavutwa wapi. Yalielekea kwenye ufa. Baada ya hapo mlango wa chumba hicho ulikuwa ukifungwa wakati hakitumiki.

Katika visa vyote viwili hakuna aliyekimbia na kisu. Mlango ulitumika kama chombo cha upimaji, kwa utulivu, tena kwa siku nzima, na hilo liliwezekana kwa sababu kuufunga hakukukata kitu kingine.

Tukihamia Mwezini na Mirihi

Mir ilikuwa na Soyuz yenye viti vitatu kwa watu watatu, saa chache tu kutoka ardhini. Ndiyo maana mpango wa kukimbia ulikuwa na maana. Nyumba ya Mwezini itakuwa na chombo cha kuondokea ambacho huenda kimesimama mbali, na kukifikia ni lazima uvae suti kwanza, kazi isiyofanyika kwa dakika 10. Nyumba ya Mirihi haitakuwa na pa kukimbilia kabisa. Mahali pa kujiokoa lazima pawe chumba cha pili, na chumba cha pili ni cha kujiokoa pale tu kinapoweza kuishi peke yake: umeme wake, uondoaji wake wa hewa chafu, mawasiliano yake, na suti zilizomo upande huo wa mlango. Michoro mingi ninayoiona ya nyumba hizo huonyesha vyumba vitatu au vinne vilivyounganishwa vizuri, halafu mashine ya kusafisha hewa iko kwenye kimoja. Kwenye karatasi ni vyumba vinne, kwenye uvujaji ni kimoja.

Mlango nao unakuwa mgumu zaidi. Huko kuna uzito, hata kama Mwezini ni sehemu moja ya sita ya ule wa Dunia, na hilo kwa kweli ni nafuu, kwa kuwa mtu anapata sakafu ya kukanyaga anapovuta. Lakini kuna vumbi. Vumbi la Mwezi ni kali kama vioo vilivyosagwa. Liliingia kwenye viungo na mihuri (sehemu za kuzuia hewa isivuje) ya suti za Apollo, safari zilizopeleka watu Mwezini, kwa siku chache tu. Muhuri wa mlango wenye chembe za vumbi ndiyo ile milimita ya mwisho tuliyoihesabu.

Halafu linabaki suala la upande. Mlango unaobanwa na hewa huziba vizuri kwa kuvuja kwa upande mmoja. Chumba cha upande wa pili kikitoboka, hewa ile ile inausukuma ufunguke. Kwa kuwa hujui kabla kipi kitatoboka, una njia mbili: milango miwili kwa kila kiungo, kila mmoja ukitazama upande wake, au mlango mmoja wenye makomeo ya kuubana dhidi ya msukumo. Njia ya kwanza inaongeza uzito wa kubeba na nafasi ya kupita. Ya pili inaongeza vipande vinavyosogea, na vumbi linapenda vipande vinavyosogea. Mimi ningechagua milango miwili, na uzito nikaufidia kwa kupunguza ukubwa wa tundu la kupita, kwa sababu nguvu ya hewa hupungua kwa mraba wa kipenyo: mlango wa sentimita 60 unasukumwa kwa zaidi kidogo ya nusu ya ule wa 80.

Na jaribio la kuupima ningelifanya hivi. Nyumba ikishakaliwa kwa miezi sita, siyo siku ya makabidhiano wakati kila kitu bado kipya na kila waya uko mahali pake, mtu mmoja aambiwe bila taarifa afunge mlango wowote atakaotajiwa, taa zikiwa zimezimwa. Saa ianze kuhesabiwa. Akihitaji chombo chochote zaidi ya mikono yake, kinachopita mlangoni hapo kiondolewe siku hiyo hiyo.